Bibi wa Lambert

Duka la vitambaa la Fordsburg lilikuwa limefurika watu hadi mlangoni, maana ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi Johannesburg yote hukumbuka kwamba haina nguo. Murielle alikuwa amelikumbatia jora la ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee. Alipolivuta, jora likagoma. Upande wa pili kulikuwa na mikono mingine.

"Samahani, dada. Hili nimeliona mimi kwanza."

"Kuona na kushika si kitu kimoja, kaka. Miye nimeshika."

Kijana akacheka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, suruali ya kijivu imekaa kiunoni kama iliyoshonwa kwa ajili yake. Murielle ni fundi cherehani, duka lake liko Kensington, na mtu humkagua mavazi kwanza ndipo apande usoni. Mavazi yalipita. Uso nao ulipita, tena kwa daraja la juu. Kisha akaona kucha. Zilikuwa na weusi uliojikita pembeni, weusi ambao hautoki kwa sabuni.

"Unaenda kushona nini?" akauliza.

Kijana akasita kidogo. "Kochi. Kochi la nyumbani."

Kule kusita Murielle alikuona, akakuweka moyoni. Hata hivyo waligawana jora, na kabla muuzaji hajamaliza kukata walikuwa wamekwisha kupeana namba za simu. Jina lake Lambert, Mtanzania wa Bukoba, mhasibu wa kampuni moja ya mizigo kule Midrand. Mhasibu, mwenye kucha kama zile!

Penzi halikungoja majibu. Kila mchana simu iliita juu ya meza ya kukatia nguo.

"Malkia wa cherehani, umekula?"

"Nimekula, bwana wa makochi. Kochi imefika wapi?"

"Bado, mpenzi. Linanisumbua."

"Kochi gani hiyo haiishi? Ya kukalisha kijiji?"

Jumapili baada ya misa walitembea kwenye bustani ya Rhodes, Murielle na gauni lake la kitenge lililobana pale panapotakiwa kubana, Lambert akimbebea mkoba bila kuona haya. Alimpenda, nisikufiche. Alimpenda mpaka akawa anaharibu mikono ya mashati ya watu.

Lakini kila mara Lambert alipouliza, "Lini utanipeleka kwa mjomba wako?" yeye aligeuza maneno. Kwao Lubumbashi, msichana akimwonyesha mwanaume nyumba ya mjomba, ndoa imefika nusu. Murielle alikwisha kuionyesha mara moja. Alimpeleka Hénock, mchumba wake wa zamani, kwa mjomba Firmin mtaa wa Yeoville; walikula, wakanywa, mjomba akatangaza uchumba kanisani. Kisha mwanamke akateremka basi kutoka Kolwezi na mtoto mgongoni, akimwulizia mume wake Hénock. Miezi mingi mjomba alikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Aibu ile Murielle hakuwa tayari kumvika tena mzee wa watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na ung'ongo ulikuwa mwingi. Jumamosi simu ya Lambert iliita bila kupokelewa. Jumapili alinukia sabuni juu na tina chini, ile ya kuyeyushia rangi. Tena alipanga nyumba kilimani palepale Kensington, mitaa michache kutoka dukani, na hakuwahi kumkaribisha hata chai.

"Chérie, fungua macho," alisema Sagesse, msusi wa mlango wa pili, akijichagulia vifungo bila kuombwa. "Mwanaume kama haonyeshe mlango wake, ile mlango iko na mtu."

"Pengine nyumba ni chafu tu."

"Hénock naye nyumba yake ilikuwa chafu tu?"

Jioni moja Lambert alipiga, sauti imejaa furaha. Katikati ya maneno akasema, "Subiri kidogo, mpenzi," akaiweka simu mahali bila kuikata. Murielle akasikia chuma kikigonga chuma, kisha sauti ya mwanaume mwingine:

"Bibi vipi leo?"

"Aisee Fahad, Bibi bado kalala," Lambert akajibu. "Nimemvua kila kitu, kabaki mtupu. Jumamosi namvalisha."

"Utamuua kwa mapenzi!"

"Acha wee. Bibi ndiye roho yangu."

Murielle akakata simu. Akakaa juu ya kitambaa cha mteja, pini zikamchoma, asizisikie. Kwa mtu wa Lubumbashi, bibi ni mke. Bibi wa mtu ni yule aliyefunga naye ndoa, anayempikia na kugombana naye. Mama mzaa mama huyo ni nkambo, na hakuna anayewachanganya. Kwa hiyo Lambert alikuwa na mke, mgonjwa wa kitandani pengine, na majirani wanamjua. Alilia kwa hasira kuliko kwa huzuni.

Jumamosi akavaa gauni lake jekundu, maana hakutaka huyo bibi amwone mnyonge, akapanda kilima. Sagesse alimfuata kwa moyo wa huruma, na kwa hamu ya kuona. Nyumba waliiulizia mtaani; lango lilikuwa wazi. Nyuma ya nyumba mlango wa gereji ulikuwa umeinuliwa, redio inaimba, na kutoka chini ya gari kuukuu ilichomoza miguu miwili yenye ovaroli iliyotapakaa grisi.

"Lambert! Bibi yako eko wapi?"

Miguu ikashtuka, kichwa kikagonga chuma. Lambert akajivuta nje, uso mweusi kwa oili.

"Murielle! Umejuaje habari za Bibi?"

"Ah! Hata hakatai!" Sagesse akapiga kofi paja lake.

"Minasikia kwa masikio yangu. Umemuvua nguo, unamuvalisha, njo roho yako. Mwite atoke!"

Lambert akamtazama, akamtazama Sagesse, kisha taratibu akaweka mkono juu ya boneti. "Ndiye huyu."

Lilikuwa Pijo 404, limepigwa msasa hadi bati, halina siti wala milango. Gia, ambazo zamani zilikaa kwenye usukani, alikuwa amezihamishia sakafuni kwa mkono wake. Pembeni, juu ya meza, ilitandazwa ile ngozi ya damu ya mzee, ya kuvika viti.

"Limenizidi umri," Lambert akasema kwa unyonge. "Kwetu mwanamke mzee ni bibi. Mama yake mama. Nyinyi mnamwitaje?"

"Nkambo," Murielle akasema.

Sagesse ndiye aliyeanza kucheka. Murielle akafuata, akacheka mpaka wanja ukamchirizika mashavuni. Halafu kicheko kikakatika.

"Na kochi?"

Lambert akajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Juu ya Bibi tumekosana maneno, hiyo haina kosa. Lakini kochi ulinidanganya, Lambert. Kila siku minakuuliza, kila siku unaniambia linakusumbua. Juu ya nini?"

"Nilikuwa na mchumba, Yasmin. Alisema nichague, gari au yeye. Nikachelewa kujibu, akachagua yeye, akaondoka. Nikaogopa na wewe utacheka, utaondoka."

"Mwanaume anaweza kuficha gari nzima, mke atashindwa kumficha?"

Akateremka kilima bila kugeuka. Simu hakuzipokea. Alishona, akafumua, akashona tena, na kila akisikia injini barabarani alijidharau kwa kuinua kichwa. Alimkosa vibaya sana.

Jumamosi moja, duka limejaa akina mama wanaopima nguo za harusi, Lambert akaingia. Hakuwa na shati jeupe. Alikuja kwa miguu na ovaroli lilelile, oili hadi viwikoni. Akina mama wakavuta magauni yao pembeni.

"Leo ni siku ya gari yako," Murielle akasema bila kusimamisha cherehani.

"Nimeliacha. Uliza chochote, hapahapa, mbele ya watu."

Cherehani ikanyamaza. "Gari ao miye?"

"Wewe."

"Muongo. Umejibu mbio sana."

Akina mama wakaangua kicheko. Lambert akajikuna shingo, akaiacha na doa. "Basi ukweli: wote wawili. Ila wewe ukiondoka sina pa kununua spea."

Murielle aliuma mdomo asicheke. "Pigia mama yako. Sasa hivi. Weka sauti, wote tusikie."

Hakusita safari hii. Simu ikaita Bukoba, sauti ya mama ikajaza duka.

"Mama, niko na Murielle."

"Yule wa jora? Waitu! Huyu mtoto alinipigia siku ileile. 'Mama, nimempata msichana, na nimeanza kwa kumdanganya habari za kochi, nifanyeje?' Nikamwambia nenda ukamwambie ukweli kesho. Hakwenda?"

"Hakwenda, mama," Murielle akajibu.

"Ana woga huyo. Ila mke hana, wala mtoto hana. Angekuwa nao ningekuwa nawalea mimi. Sasa mwanangu, mimi naumwa na magoti. Ukimkubali nitatuma wazee wawili wanaokaa hukohuko. Wagonge kwa nani?"

Murielle aliitazama ile mikono michafu ya Lambert, akafikiria kiti cha nyuma kule kanisani. Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Yeoville, mama. Waulize nyumba ya mzee Firmin, nyuma ya soko. Waje Jumapili baada ya ibada, na Lambert aje nao."