Wageni wa Siku ya Nikola

Saa mbili asubuhi.

Gvozden alitandaza ramani ya jumba la makumbusho juu ya rundo la matairi. Chumba cha nyuma cha gereji yake kilinuka mpira na kahawa iliyoungua.

"Leo ni siku ya Nikola," alisema. "Mchana nusu ya Belgrade itakuwa mezani ikila samaki. Ukumbini atabaki mlinzi mmoja, mzee Sreten. Tunaingia, tunang'oa picha, tunatoka. Dušica atatungoja mlango wa nyuma, gari likinguruma."

Dušica alitikisa funguo. Miodrag aliitazama ramani. Picha yenyewe, iliyochorwa kwenye ubao, ilikuwa ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa ukoo wa kina Miodrag tangu enzi za mababu, na leo ndiyo ilikuwa slava yao, sikukuu ya nyumba. Slava sita zilimpita akiwa gerezani. Mama yake hangeiona nyingine, daktari hakumficha. Mkate wa slava hukatwa na mwanamume wa nyumba, na aliyebaki ni yeye tu.

"Nitoe kwenye mchongo huu, kaka. Leo tu."

Gvozden alicheka. "Slava haina mwaliko, sivyo? Mlango wazi kwa yeyote. Usipokuja wewe, nitakuja mimi, chuma kiunoni, na mama yako atanipakulia kwa mikono yake."

Miodrag akavaa glavu.

Saa sita mchana.

Walimlaza mzee Sreten kifudifudi. Gvozden alimwelekezea bastola. Miodrag alikata waya kwa koleo, picha ikamwangukia mikononi, nzito kuliko alivyodhani. Hapo akili ilimtoka. Kwao humgusi Nikola bila kumbusu. Alifundishwa hivyo kabla hajajua kuongea. Alijipiga ishara ya msalaba, akapandisha barakoa ya sufi hadi kwenye paji la uso, akabusu ubao.

Alipoinua uso, Sreten alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama.

"Ng'ombe wewe!" Gvozden alifoka. "Kakuona sura. Mmalize."

"Mzee huyu? Siku ya leo?"

"Basi pisha."

Miodrag alimrukia Gvozden. Risasi ikapasua dari. Wakaanguka pamoja, kichwa cha Gvozden kikagonga marumaru, akatulia. King'ora kikaanza kulia. Miodrag alimwinua mzee, akamwekea picha kifuani.

"Ishike, baba. Slava njema."

Nje, Dušica alitazama mikono mitupu ya Miodrag. "Iko wapi?"

"Imebaki. Gvozden naye."

"Mungu wangu! Panda! Jioni tuwe ng'ambo ya mto Drina, nje ya nchi."

"Nipeleke nyumbani."

"Una wazimu? Akizinduka atatapika kila kitu, na kwenu anapajua!"

"Mkate haujakatwa, Dušica."

Alimtukana njia nzima. Akamshusha kituo cha tramu, akatokomea bila kwaheri.

Saa nane.

Nyumbani, mshumaa wa slava ulikuwa unawaka. Ngano ya kuchemsha ilikuwa mezani, na mkate kando yake. Mama yake, Stojanka, alikaa kitini amefunikwa blanketi, macho yake yakiona vivuli tu.

"Nani atauzungusha mkate nawe, mwanangu? Kabla ya kuukata wanatakiwa wanaume wawili."

Miodrag alitazama viti vitupu. Wanaume wote wa nyumba hiyo walikuwa makaburini. Alitaka kulia.

Mlango ukagongwa. Alifungua. Inspekta wa polisi mwenye koti lililojaa theluji alisimama hapo, pingu mkononi. Nyuma yake alikuwa mzee Sreten, aliyeletwa amtambue.

"Mwenzako hata hakubembelezwa," inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Anwani ilimtoka kabla hatujamuuliza jina."

"Nani hao?" mama aliita.

Miodrag aligeukia chumbani. "Wa kazini, mama."

"Waingie basi! Leo mgeni hasimami mlangoni kwetu."

Inspekta alimtazama yule mama, akautazama mshumaa. Alirudisha pingu mfukoni. Sreten alivua kofia, akajipiga ishara ya msalaba, akanawa mikono. Kisha akashika upande wa pili wa mkate.

Waliuzungusha pamoja. Wakaukata, wakaumwagia divai, wakaumega. Mama alilia kwa furaha, na Miodrag naye alilia, bila aibu, mbele ya askari. Inspekta alikula kijiko kimoja cha ngano, akamshukuru mama, akafuta mdomo.

"Twende, mwenye nyumba," alisema.

Miodrag aliinama, akambusu mama yake mkononi. Mama aliwasikia wakivaa viatu.

"Mnaondoka naye?" aliuliza. "Haya. Ila mnirudishie mapema, mshumaa haujaisha."