Akaunti ya Metui

Harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi ilijaa ofisini, na hapakuwa na kibuyu. Nje ukungu wa Karatu ulikuwa umelala barabarani mchana kweupe. Cresensia hakuogopa. Alifurahi, maskini, kwa sababu mumewe alinukia hivyo.

Mume huyo, Metui, alitunza seva ya kampuni ya kupeleka watalii Ngorongoro, kompyuta inayohifadhi safari zote na isiyomfungukia mtu asiye na akaunti. Aliitunza mpaka gari lake lilipopinduka ukingoni mwa kreta. Kwao kijijini Malambo, kwa desturi, marehemu hatajwi jina, na tangu mazishi mama yake, Nasieku, alisema tu "yule". Cresensia alirithi kazi ya mumewe, akakosa mtu wa kulitaja naye jina hilo. Basi siku hiyo, akimfungulia akaunti karani mpya, vidole vikaandika Metui. Akaweka nywila, akatoa ruhusa ya kusoma na kuandika. Papo hapo skrini ikaonyesha kuwa Metui ameunganishwa.

Siku zilizofuata aliwahi kazini kama bibi harusi. Kisha, kwenye orodha ya safari za kesho, likatokea jina ambalo hakuna aliyeliandika, Seenoi, binti yake wa darasa la kwanza, na njia yake ni ile ile ya ukingoni, na kila alipolifuta likarudi, huku moshi ukimkaba koo na kiti cha marehemu kikilia kama kimekaliwa.

Akamleta Nasieku. Bibi akasimama mlangoni, shuka puani.

"Umemwita kwa jina tusilolitaja, mama Seenoi. Aliyeitika si mwanangu. Mtoe."

"Yeyo, mama yangu, siwezi. Sina kingine chake."

"Una mtoto."

Cresensia akaamuru akaunti ifutwe. Seva ikakataa, maana mtumiaji alikuwa bado ndani. Ilibidi kwanza amkatie muunganisho, kwa mkono wake mwenyewe. Akalia, akabonyeza.

Akaunti ikafutika, na jina la Seenoi nalo. Mahali pake palibaki maneno machache, yaliyoandikwa kabla hajakatwa. Akamsomea mkwewe kwa sauti ndogo.

"Baridi huku. Nilitaka kumwona tu."

Nasieku akakaa sakafuni. Halafu bibi yule yule aliyemkataza kila mtu akaliita jina la mwanawe, taratibu, kama anamwamsha mtoto.

"Metui."

Moshi ukaanza kunukia tena.