Mkono wa Simu Ulikuwa Kitandani

"Endelea, mwanangu. Nasikiliza."

Sauti ya mama!

Wadau, nilikuwa nimesimama juu ya kitanda cha duara, taulo kichwani, namwigiza mama yangu mzazi... na sauti yake ikatokea hapo hapo kitandani, chini ya miguu yangu!

Mdogo wangu wa kike alikuwa anagaagaa kwenye zulia kwa kucheka. Kicheko kikakatika kama umeme.

"Na mjomba wako naye anasikiliza," sauti ikaongeza.

Jamani... ardhi ingepasuka ningeishukuru.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nyumbani naitwa Redio, kwa sababu sizimiki. Namwigiza kila mtu: mwalimu mkuu, mwenye nyumba, hata mbwa wa jirani. Nilikuwa najiona fundi.

Sasa mjomba, kaka wa pekee wa mama, anaishi ughaibuni miaka mingi. Meneja wa hoteli huko, ndivyo tulivyojua. Safari yake ikapitia kwetu, akawa na siku moja tu kabla ya kuunganisha ndege. Akatualika tukae naye kwenye hoteli ya kifahari pale pale uwanja wa ndege.

Hoteli yenyewe wameijenga kizamani makusudi! Wahudumu wana kofia ndogo na glavu nyeupe, utadhani wanampokea babu yako akiwa kijana. Ubao wa safari unageuza herufi takatakataka. Ukifika mapokezi wanachukua simu yako, wanaitia kwenye kijifuko.

"Humu ndani ni zamani, kaka," mhudumu akaniambia. "Chumbani kuna simu ya kuzungusha namba."

"Na nikitaka kujirekodi?"

"Jikumbuke."

Nikamkubali yule dada.

Mchana, mama akiwa chumbani kwa mjomba wanakunywa chai, nikaizungusha ile simu kumshukuru mjomba. Nyekundu, nzito kama pasi.

"Shikamoo mjomba! Hoteli ni moto!"

"Marahaba, Redio. Mama yako huyu hapa, ongea naye."

Mama akapokea. "Msichezee vitu vya watu huko."

"Sawa mama, baadaye."

Sasa hapa ndipo nilipojimaliza. Nikatafuta kitufe chekundu cha kukata. Hakuna! Nikaulaza ule mkono wa simu juu ya mto, taratibu, kama unavyolaza mtoto. Nikajua imekatika.

Wakubwa zangu mnaosoma, mnacheka sasa hivi. Chekeni tu.

Nikapanda kitandani, nikaanza.

"Oooh kaka, biashara inakwenda! Duka kubwa la nguo! Nina wafanyakazi wawili!"

"Wafanyakazi wenyewe mimi na wewe!" mdogo wangu akadakia.

"Duka lenyewe cherehani moja barazani kwa watu! Na mvua ikinyesha tunafunga ofisi!"

"Na gauni alilovaa je?"

"Gauni la mteja! Kesho kutwa linakwenda harusini! Ona anavyokaa..." Nikakaa kwenye ncha ya kitanda, mgongo wima, shingo ndefu. "Kaka, chai yangu weka mbali kidogo..."

Tukafa kwa kicheko. Nikasimama tena nimwigize anavyotembea na viatu vya kuazima.

Na hapo ndipo simu ikasema, "Endelea, mwanangu."

Nilitembea ile korido ya zulia la rangi ya chungwa nikiwa nimeinamisha kichwa. Sijawahi kuona korido ndefu vile.

Mama alikuwa amekaa vile vile nilivyomwigiza. Ncha ya kiti, mgongo wima. Mkono wa simu mezani, kando ya chai. Mjomba amesimama dirishani, ametupa mgongo, anatazama ndege zinazotembea bila sauti nyuma ya kioo kinene.

"Mama, nisamehe..."

"Msamaha wa nini? Mwigizie mjomba wako. Kwa sauti ile ile."

"Mama..."

"Si ulikuwa unachekesha? Haya, tuchekeshe."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Redio imezimika, wadau.

Mama hakulia. Alikuwa analinyoosha gauni la watu magotini, mara moja, mara nyingine, kama vile kuna mkunjo. Hakuna mkunjo uliokuwepo. Hicho ndicho kilichonikata maini.

"Nilitaka uondoke na moyo mweupe, kaka," akasema, hamtazami. "Usiwe huko unatuwaza."

Mjomba akageuka. Akavua koti la suti, akalitandaza vizuri mapajani kwa mama, juu ya gauni. Kisha akamsogezea chai.

"Kunywa sasa. Ikimwagika, imwagikie koti."

"Suti ya bei hiyo, kaka?"

"Hata mimi, hii si yangu. Ni ya mwenzangu wa zamu."



"Sijawahi kuwa meneja, dada. Natandika vitanda. Hoteli hizi ni za kampuni yetu, vyumba vikibaki vitupu mfanyakazi anapewa bure akiwa safarini." Akalirekebisha lile koti mapajani kwa mama. "Na mimi nilitaka usiniwaze."

Mama akamtazama... akatazama koti... akatazama gauni. Akaanza kucheka! Mjomba naye akamfuata, hadi akakaa chini kwenye zulia.

Nami nikajitia kucheka, hihi, hihi...

"Wewe nani kakwambia ucheke?" mama akasema. "Nenda chumbani kwako."

Nikaenda. Mdogo wangu alikuwa amejificha bafuni. Na kutoka kwenye mto, nikasikia vicheko. Simu zote mbili bado zilikuwa wazi! Mama alikuwa anasimulia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, jinsi mvua ilivyoloanisha suruali ya mchungaji aliyokuwa anaishona barazani. Alikuwa anamwigiza mchungaji. Wadau... mama ananishinda kwa mbali!

Nilitamani kuendelea kusikiliza. Lakini yale hayakuwa yangu.

Nikauweka mkono wa simu mahali pake. Klik.

Somo? Kabla hujamcheka mtu kwa kujikweza, uliza anamficha nani maumivu. Mara nyingi ni anayempenda.

Gauni lilifika harusini salama. Na msinishambulie kwenye maoni kwamba namwanika mama tena: amesoma hii kabla yenu, akafuta mistari miwili. Ile iliyochekesha kuliko yote.

Siirudishi.