Mkaa Hauna Moshi

Lukia alipopanda bodaboda kuteremka Mwanga, alimwachia mumewe maagizo mengi. Dada yake alikuwa amejifungua na hakuwa na mtu wa kumkanda. Rashidi aliitikia kila agizo, lakini moyoni alikuwa anacheka.

"Kupika na kuogesha watoto, hiyo nayo ni kazi ya kuagizwa?" alisema. "Nenda ukamwone dada yako. Hapa nipo mimi."

Haya, akawepo. Kwanza uji uliungua mpaka majirani wakauliza kuna nini. Kisha akasahau kufunga stoo, kuku wakaingia wakachakura unga wote. Halafu akaloweka shati la shule la Zaituni pamoja na kitenge kipya cha mama yake. Shati jeupe likatoka la kijani.

Zaituni alikuwa darasa la tatu. Alilishika shati lile, akalitazama, akamtazama baba yake.

"Baba," alisema taratibu, "hivi vitu huwa havichanganywi."

Rashidi alimpigia Lukia simu. Lukia alicheka mpaka kichanga cha dada yake kikaamka. Lakini Rashidi hakukata tamaa. Mlango wa stoo aliufunga kwa waya. Shati alilifua upya mpaka likarudi jeupe, au karibu na jeupe. Kila tatizo alilitatua mwenyewe, na kila alipolitatua alijiona fundi zaidi.

Halafu ikaja ile baridi ya mwezi wa saba. Anayekaa Ugweno anaijua. Ukungu unashuka mlimani, unakaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Manyunyu hayakatiki. Hapa kijijini kwetu Ngujini siku hiyo ulikuwa huoni hata migomba ya jirani.

Upepo uling'oa bati la jiko la nje. Kuni zote zikalowa. Na Rashidi alikuwa ameshaloweka mahindi na maharage ya makande. Huku kwetu makande hayapikwi kwa haraka. Yanakaa motoni kutwa nzima, na ukiyakatisha njiani yanakuwa magumu kama kokoto.

Rashidi alifikiri kidogo, akatabasamu. Alichukua jiko la mkaa, akalijaza, akaliwasha nje. Mkaa ulipokolea, akaliingiza sebuleni, pale watoto walipokuwa wanacheza kwenye mkeka. Akabandika sufuria ya makande.

"Moto mmoja, kazi mbili," alisema. "Makande yanaiva, nyinyi mnaota."

"Mama huwa haingizi jiko ndani," Zaituni alisema.

"Mama yako anapikia kuni. Kuni zina moshi. Wewe unaona moshi hapa?"

Zaituni akaangalia. Kweli, hapakuwa na moshi. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, kimya. Omari, mdogo wake ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema, alinyoosha viganja vyake kuelekea motoni na kucheka.

Rashidi akafunga madirisha ya vioo ili joto lisitoke. Akakunja gunia, akalisukuma chini ya mlango. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kukata majani ya ng'ombe, nao mlango huo akauvuta vizuri nyuma yake. Jamani, alikuwa baba anayewapenda wanawe. Alichokosa si mapenzi.

Aliporudi, nyumba ilikuwa na joto tamu. Zaituni alikuwa amejilaza mkekani.

"Baba, kichwa kinanigonga," alisema. "Na miguu haina nguvu."

Omari alikuwa amelala kando yake. Alikuwa ametapika kidogo. Rashidi alimfuta mdomo, akamwita, akamtikisa. Mtoto aligeuza shingo tu, hakufungua macho.

"Baridi imewaingia," Rashidi alijisemea. Akaleta blanketi, akawafunika wote wawili. Akaongeza mkaa. Akakaa karibu nao, na baada ya muda kichwa chake mwenyewe kikaanza kuuma. Hapo akampigia mkewe.

"Watoto wamelala," alimwambia.

"Mchana huu? Omari amelala mchana huu?"

"Nadhani ni homa. Zaituni kichwa kinamuuma. Mimi pia naona kinanianza."

"Rashidi, homa gani hiyo inayokamata watu watatu kwa mkupuo? Usiende popote. Nampigia Mama Eliakunda."

Mama Eliakunda alikuwa jirani yao wa upande wa juu wa barabara. Pia alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuangalia wajawazito na watoto. Alikuja kwa mwendo wa kukimbia, kanga imelowa kichwani. Hakupiga hodi. Alisukuma mlango, gunia likasogea, na lile joto likampiga usoni. Akaliona jiko.

"Baba Zaituni, mbebe Omari utoke nje."

"Nje kuna mvua, Mama Eliakunda. Mtoto ana homa."

"Hana homa. Hewa ya humu ndani ina sumu. Ukisimama kubishana na mimi utamzika mwanao. Toka naye."

Rashidi alimbeba. Alipepesuka, akashangaa mbona hana nguvu. Mama Eliakunda alimshika Zaituni mkono, wakatoka wote mpaka barazani. Kisha akavuta pumzi ndefu, akaibana, akarudi ndani haraka. Akafungua madirisha na mlango wa nyuma, akatoka. Makande yakabaki yanachemka peke yake.

Omari alikuwa mlegevu mikononi mwa baba yake. Alipumua, lakini polepole mno. Rashidi alikuwa anasubiri kila pumzi, na kila moja ilichelewa kuliko iliyotangulia.

"Nilete maziwa," alisema. "Maziwa yanaua sumu."

"Maziwa yanakwenda tumboni. Sumu hii ameivuta kwa pumzi, iko kwenye damu. Na mtoto asiyejitambua ukimnywesha kitu kitampalia. Mwelekeze kwenye hewa. Mfunike mwili, uso uache wazi."

Alikuwa ameshaita bodaboda mbili. Wakapakiana, Rashidi na Omari huku, Mama Eliakunda na Zaituni kule, wakateremka kwenye utelezi kuelekea kituo cha afya. Njia nzima Rashidi aliweka sikio lake mdomoni mwa mwanawe.

Pale kituoni muuguzi hakuuliza mengi. Alimvika Omari kifuniko kidogo cha plastiki puani na mdomoni. Mpira mrefu ulitoka kwenye mtungi ukaingia kwenye kile kifuniko. Zaituni naye akavikwa cha kwake.

"Hiyo ni dawa gani?" Rashidi aliuliza.

"Ni oksijeni. Ile hewa safi tunayovuta kila siku, ila hii haijachanganyika na kitu."

Rashidi aliutazama ule mpira. Hakuona chochote kikipita ndani yake. Alisikia mlio mwembamba tu.

"Mama Eliakunda," alisema kwa sauti ndogo, "moshi haukuwepo. Naapa haukuwepo. Wala harufu."

"Ndiyo maana mkaa unaua. Moshi wa kuni unakuwasha macho, unakohoa, unakimbia. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu, inakalia kiti cha hewa safi, na haitaki kuinuka. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, miguu inalegea, usingizi unakushika. Wewe unafikiri umelala, kumbe unakufa."

"Lakini bibi zetu wameota moto ndani miaka yote."

"Nyumba za bibi zilikuwa za udongo na nyasi. Hewa ilipita kila mahali. Hizi zetu za matofali, vioo na silingi bodi, ukizifunga zimefungwa. Ukaongeza na gunia mlangoni."

Rashidi aliinamisha kichwa. Alipata woga wa aina ambayo hakuwahi kuijua. Alikuwa ameshaogopa nyoka, na radi, na mwamba uliowahi kuporomoka juu ya shamba lake. Vyote hivyo aliviona au alivisikia. Hiki kilikaa naye sebuleni, kikamwangalia akiwafunika watoto wake blanketi.

Zaituni ndiye aliyeanza kupata nguvu. Omari alichelewa. Muuguzi alikuja, akamgusa, akaondoka, akarudi tena. Rashidi hakuinuka pale kitandani. Kisha mtoto alikunja uso, akajivuta, akalia. Kilio kikubwa, cha hasira, cha mtoto aliyeamshwa na watu asiowajua.

"Mwache alie," alisema muuguzi. "Kilio hicho ni kizuri."

Rashidi alilia naye, bila kujificha.

Lukia alipanda kutoka Mwanga jioni hiyo hiyo. Alimgombeza mumewe mpaka akachoka. Alipochoka, akakaa chini na kumpakata Omari, akamwuliza Rashidi kama amekula. Hakuwa amekula.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, kazi ya kwanza ya Rashidi ilikuwa bati la jiko la nje. Aliligongomea misumari mirefu. Akajenga kichanja cha kuni chini ya mapaa, mahali ambapo mvua haifiki. Juu ya madirisha ya vyumba vyote akatoboa matundu ya kupitisha hewa, akayawekea wavu wa mbu. Watoto walivalishwa masweta na soksi. Jiko la mkaa halikuvuka tena kizingiti, hata likiwa na majivu ya moto tu.

Ijumaa, baada ya swala, aliwasimulia wanaume wenzake. Haikuwa rahisi kusimulia, kwani wengine walicheka. Lakini wawili walitoka pale msikitini haraka, bila kuaga, wakaelekea makwao. Siku hiyo kulikuwa na baridi.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umefunika kijiji chote. Rashidi alikuwa barazani, Omari amefunikwa sweta la dada yake, miguu inaning'inia kwenye ngazi. Mtoto alikuwa anamwita ng'ombe. Kila alipofungua mdomo, wingu dogo jeupe lilitoka, likapanda, likapotea.

Rashidi aliacha alichokuwa akifanya. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wakitoa pumzi hivyo kwenye baridi, na hakuwahi kusimama kuitazama.

"Lukia," aliita. "Hebu njoo uone."

Lukia alitoka jikoni, mikono ina unga. "Nione nini?"

"Anapumua," alisema Rashidi.

Lukia akaja, akakaa kando ya mumewe, wakamtazama Omari.