Jina Chini ya Kinyago

— Lois ni nani, Baba Huruma?

Gerson alikuwa anarudi na chai. Mkewe, Yuliana, alikuwa ameshika simu ya Gerson.

— Mteja tu. Wa Lulindi.

— Mteja gani anaandika hivi? Yuliana akasoma: "Nimechoka kujificha. Leo nakuja Newala. Mkeo ajue."

Gerson akageukia vinyago vya mpingo vilivyopangwa nje, mbele ya nyumba kuukuu za mtaa wa Boma. Ilikuwa siku ya maonyesho ya sanaa ya mwaka 2003. Watu walitoka Masasi, Mtwara, hata Dar es Salaam.

— Tutaongea nyumbani.

— Nyumbani Chiungutwa, au kwa huyo Lois? Miaka miwili, kila Jumamosi Lulindi, eti unafuata magogo. Ukirudi unakula peke yako chumbani. Unaniona mjinga?

Kabla hajajibu, mwanamke mwembamba akasimama mbele ya meza yao, furushi kichwani.

— Wewe ndiye Mama Huruma?

— Ndiye. Na wewe ndiye unayelala na mume wangu?

— Silali naye. Namchongea.

Yuliana hakuelewa. Spika ikaita:

— Mshindi wa mwaka huu, Gerson Bwanali! Aje achonge kidogo hapa mbele, wageni waone!

Watu wakapiga makofi. Gerson hakusogea. Yuliana akamwekea tezo la kuchongea mkononi.

— Nenda basi.

Vidole havikulishika. Tezo likaanguka chini.

— Tangu nilipoanguka kwenye mkorosho, Gerson alisema kwa sauti ya chini. Vidole havinitii. Hivi vyote kachonga Lois. Mimi naandika jina langu chini.

— Kumbe ndiyo maana ulikuwa unakula kwa kujificha.

— Niliogopa utaniona mzigo.

Yuliana akamgeukia Lois. Sasa aliona makovu na sugu za viganjani mwake.

— Na wewe ulikubalije?

— Nililetaga kazi yangu hapa, dada. Waandaaji wakaniuliza mume wangu yuko wapi, aje aieleze. Wakacheka. Kwa jina la Gerson hawakucheka. Lakini leo imeshinda. Nataka jina langu.

Yuliana alikuja na maneno ya kumtukania mwizi wa mume. Akayaacha, akamgeukia mumewe.

— Nenda kwenye spika, Baba Huruma.

— Watanizomea.

— Acha wakuzomee. Nenda.

Akaenda.

— Jamani, vinyago hivi si vyangu. Vya Lois Nikolao, wa Lulindi. Niliwadanganya.

Wakamzomea kweli. Mzee mmoja akasema mwanamke hachongi mpingo, ni uongo mwingine huo. Lois hakubishana. Alikaa chini, akafungua furushi, akabana gogo kwa miguu, akaanza kupiga tezo. Umati ukasogea. Sura ilipoanza kutokea kwenye mti, yule mzee alikuwa amechuchumaa mstari wa mbele.

Gerson akarudi, jasho linamtiririka.

— Unaniacha?

— Ingekuwa ni hawara, ningeshaondoka, nisingekuuliza kitu. Lakini miaka miwili unaumwa kitandani mwangu, na anayejua ni mtu wa Lulindi! Hilo ndilo linaloniuma.

— Nisamehe, Mama Huruma.

— Bado.

Yuliana akasogea pembeni, akampisha kwenye benchi.

— Kaa. Kesho tunakwenda hospitali. Na maelezo kwa daktari nitatoa mimi, wewe nimeshakuzoea kwa uongo.