Mama Yangu Kwenye Bango la Wapinzani

Mama yangu mzazi... kwenye bango la chama pinzani!

Amejifunga kitambaa chake cha kijani, anatabasamu, na chini ya picha wameandika: MGOMBEA UDIWANI.

Mimi hapo nimeshika ndoo ya gundi, natafuta ukuta wa kubandika mabango ya mgombea wetu. Ndoo ikainama, gundi ikanimwagikia viatuni.

Nyie mnaosoma, hebu ngojeni niwaeleze mimi ni nani, mtaelewa kwa nini nilipandwa na hasira.

Mimi ndiye niliyekuwa natafuta wagombea wapya katika tawi letu. Mchana nauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, jioni ni chama. Mwenyekiti wa tawi aliniambia, "Dada, watu wametuchoka. Nitafutie sura mpya."

Nikazunguka. Nikamfuata mwalimu, akakataa. Nikamfuata muuza dawa, mke wake akanitimua. Mwishowe nikampata kijana wa duka la simu, mtanashati, anaongea kama redio. Tulimwita Suti, maana hakuwahi kuivua.

Nikamfundisha kila kitu. Namna ya kubisha hodi, kusikiliza kabla ya kuongea, kutomshika mtu bega kama hamjazoeana. Nikamkusanyia watu wa kujitolea, na wengi wao aliwaleta mama, wenzake wanaopiga pasi nguo za watu.

Ndiyo, mama alikuwa wetu! Kila kikao alifika kabla ya wote, akafagia ukumbi, akachemsha chai. Mfereji wa mtaa ulipoziba, ni yeye aliyekwenda kukaa ofisi za manispaa, akagoma kutoka mpaka gari la kuzibua likaja.

Sasa leo yuko kwenye bango la watu wengine?

Nilikwenda kwake mbio. Hodi sikupiga.

Nilimkuta anapiga pasi shati la Suti.

"Mama, umenifanyia nini?"

"Salamu umeiacha wapi?"

"Wamekurubuni kwa kitu gani?"

"Hawakunipa kitu. Waliniuliza tu."

"Walikuuliza nini?"

"Kama nataka kugombea."

Nikacheka, cheko la hasira. "Basi? Kuulizwa tu, ukakubali?"

Akaisimamisha pasi. "Mwanangu, umezunguka mji mzima unatafuta mgombea. Mwalimu umemfuata, muuza dawa umemfuata. Humu ndani unakula kila Jumapili. Siku gani uliniuliza mimi?"

"Ningejuaje kama unataka?"

"Na huyo Suti ulijuaje?"

Swali hilo likanizidishia hasira. Nikatoka, nikaubamiza mlango.

Jioni nafika ofisini, Mwenyekiti keshapanga mambo.

"Kesho mkutanoni kipaza sauti utashika wewe. Waambie wananchi mama yako hajasoma, ni wa kufagia tu, katumiwa. Likitoka kwako wataamini."

"Mwenyekiti, yule ni mama yangu."

"Ndiyo maana nakutuma wewe."

Suti naye akadakia, "Tena sema na kichwa hakimkai sawa, dada. Kwa upole lakini."

Jamani. Amevaa shati alilopigiwa pasi na mama, bado halijapata hata kunjo moja, ndiyo anasema hivyo!

Nilikuwa nimemkasirikia mama, sikatai. Lakini mama ni wangu, hasira juu yake ni yangu mimi. Wao nani kawapa ruhusa?

"Mmekunywa chai yake miaka yote," nikawaambia. "Hata kikombe hamjawahi kumrudishia jikoni. Leo kichwa chake hakimkai sawa?"

"Dada, usituletee mambo ya familia kwenye chama," Mwenyekiti akasema.

"Aliyeyaleta ni nani? Mimi?"

Nikavua fulana ya chama palepale (ndani nilikuwa na blauzi, msianze maswali), nikaitupa mezani, nikaondoka zangu.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Nilidhani atanikumbatia.

"Mama, nisamehe. Nimekuja kukusaidia kampeni."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Umekuja kunisaidia mimi, au umekuja kuwakomoa wale?"

Nikainama, nikaanza kubandua gundi iliyokaukia viatuni.

"Kalale. Ukiamka na bado unataka, njoo uombe kazi kama wenzako."

Asubuhi nikaenda, nikaomba. Nikapewa mtaa wenye mbwa wakali kuliko mitaa yote. Upendeleo mama hana.

Nilibisha hodi mpaka vidole vikavimba. Kila mlango naambiwa, "Yule wa mfereji? Mwambie asiwe na wasiwasi."

Mama alishinda. Suti alinuna, akaacha hata kutusalimia.

Sasa sikieni kituko. Juzi Mwenyekiti kaja dukani kwangu, kasimama katikati ya makopo ya rangi, katabasamu kama hakijatokea kitu.

"Dada, yaliyopita yamepita. Chama kimekaa, kimeona mama yako ni hazina. Tunataka arudi kwetu. Muulize basi."

"Nimuulize mimi?"

"Wewe ndiye mtoto wake. Mimi nitaanzia wapi?"

Damu ikanichemka upya. "Mwenyekiti, ili ufike hapa umepita mlangoni kwake. Yuko ndani, anapiga pasi. Umempita, umekuja kuniuliza mimi habari zake?"

Akaanza kujikunakuna shingo.

"Nenda. Bisha hodi. Na usikae mpaka akukaribishe."

Nikafunga duka, nikamfuata nyuma. Nilitaka kuliona hilo kwa macho yangu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana."

Mwenyekiti akashangaa kweli kweli. "Mama, miaka yote tumefanya kazi pamoja. Hujawahi kuniambia hapana hata siku moja."

"Hujawahi kuniuliza kitu hata siku moja," mama akamjibu, akaendelea na pasi yake.

Nyie wenye vyama, vikundi na kamati zenu, mnaolia kila siku kwamba watu wa kugombea hawapatikani, acheni kutuchosha. Mtu yupo jikoni kwenu, anawapikia chai. Mfuateni mkamuulize anataka nini. Mkichelewa, watakuja wengine kumuuliza, na mimi kura yangu nitawapa hao.