Wikio la Bi Abeer

Nyimbo zilikuwa zimerudi zote. Mlango ndio uliopotea.

Hiyo ndiyo kesi iliyomkuta Inspekta Jecha asubuhi moja ya mwaka 2009, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakujua achukue alama za vidole wapi.

Mlalamikaji alikuwa Nasser, mfanyabiashara wa Mji Mkongwe. Tovuti ya familia yake, yenye nyimbo za harusi alizozirekodi marehemu mama yake, Bi Abeer, ilikutwa tupu juzi. Dada yake, Dalal, alimwita fundi wa kompyuta, Haitham wa Michenzani, naye akairejesha kutoka kwenye nakala ya akiba. Nyimbo zikarudi. Lakini ukurasa wa kuingilia, ule wa kuandika jina na nywila, haukuonekana tena. Kila walipoutafuta, kompyuta ilijibu kuwa ukurasa haupatikani.

"Kauficha huyu!" Nasser alisema akimnyooshea Haitham kidole. "Mwizi mkubwa. Mfungeni!"

Haitham alikwisha kulala mahabusu usiku mmoja, na macho yake yalisema hataki wa pili. Jecha aliwakusanya wote sebuleni kwa Nasser, ghorofani, mbele ya kompyuta.

"Umeuficha?"

"Sikuuficha, afande. Nlirejesha nakala kama ilivyo. Wallahi sikuongeza kitu."

"Mbona hukueleza jana?"

"Nlitaka kwanza nangalie mafaili. Kabla sijayafungua, nshatiwa pingu."

Jecha alimsogezea kiti. "Haya, angalia."

Haitham alipekua, kisha akawageuzia skrini. Ndani ya mafaili mlikuwa na programu ndogo ya ulinzi. Kazi yake ni kuuhamishia ukurasa wa kuingilia kwenye anwani ya siri, wezi wasiujue.

"Ilikuwamo ndani ya nakala, afande. Nakala yenyewe ya mwaka jana, Bi Abeer yu hai. Nlivyorejesha nyimbo, nkarejesha na maficho yake."

"Na hiyo anwani?"

Fundi akaitafuta kwenye hifadhidata. Ilikuwa neno moja tu: wikio.

Jecha akageukia dirisha. Hapo nje lilikuwapo wikio lenyewe, kijia cha juu kilichounganisha nyumba hii na ya jirani. Wanawake wa zamani walikipita kutembeleana bila kushuka njiani. Haitham aliliandika neno lile, na ukurasa uliopotea ukafunguka mbele yao.

"Bi Dalal, nani kachagua neno hili?"

"Mama. Mie nliandika tu. Alisema wageni wapite mlango mkubwa, watu wa ndani wapite wikioni. Alipofariki nkaiondoa siri, kaka naye aingie kwa wepesi."

Kwa hiyo marehemu ndiye aliyeufunga mlango.

Nasser aliinuka. "Basi, si umepatikana? Nipisheni nimalizie."

"Umalizie nini?"

Nasser akaketi tena.

"Nyimbo zinasikika," Jecha alisema. "Wenye nywila ni wawili, na mmoja ndiye aliyemwita fundi. Ulitaka kuingia ufanye nini, Bwana Nasser?"

"Nifute," Nasser alisema. "Na juzi nlifuta mimi. Mama yangu hakumwimbia mwanamume wa kando umri wake wote. Leo mtu yuko Ulaya anamsikiliza huku anakula! Nisione haya?"

"Karekodi kwa hiari yake, kaka," Dalal alisema. "Kakaa hapo hapo wikioni."

"Umewahi kuzisikiliza?" Jecha aliuliza.

"Hata mmoja. Siwezi."

"Umemsingizia mtu na ukaidanganya polisi. Hilo tutalizungumza kituoni. Haitham, uko huru. Lakini kabla hujaondoka, tufungulie mmoja."

Sauti ya bibi ikaijaza sebule, safi, haina haraka. Jecha alivua kofia bila kujua kwa nini. Dalal alilia waziwazi.

Katikati ya ubeti, wimbo ukakatika. Mle mle kwenye rekodi, pikipiki ya Nasser ilisikika ikipita njiani, na Bi Abeer akaita kutoka juu, kama alivyomwita mwanawe kila siku:

"Nasser!"

Mtu mzima yule, mvi kichwani, akasimama wima.

"Naam, mama," akaitika.